Viti Vitatu vya Alhamisi

Watu wakiniuliza siku hizi ni kitu gani nakikumbuka zaidi katika ule mwaka wa ugonjwa, wanategemea niseme maumivu. Mimi nakumbuka kiti. Kilikuwa kiti kipana cha kuegemea, cha bluu iliyopauka, kimechanika kidogo mkono wa kushoto na kuzibwa kwa plasta ya hospitali. Nilikikalia mara nane, kila baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi, tangu majani yalipoanza kuanguka hadi miti ya mtaani kwetu Ixelles, hapa Brussels, ilipochipua tena. Juzi basi lilipita karibu na hospitali ile, kule Woluwe, nikashuka bila sababu yoyote. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyerudi kuitazama shule aliyosoma.

Naandika haya kwa ajili yako uliyepewa karatasi yenye tarehe ya dripu ya kwanza ya saratani. Habari za dawa utaelezwa na daktari, na atakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ujiji, kazi yangu ilikuwa kueleza vitu vidogo, kwa hiyo nianze na vidogo. Vaa blauzi yenye vifungo mbele. Kula chochote kabla ya kutoka nyumbani, hata kama hutaki. Dawa moja ni nyekundu kama juisi ya rosela, na siku hiyo mkojo nao utakuwa mwekundu. Mimi sikuambiwa. Nilimwita mume wangu chooni, tukasimama wote wawili tunaangalia, yeye akisoma dua.

Mume wangu, Baba Asha, ni Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura. Alikuja Kigoma akiwa mkimbizi, tukaoana, na miaka mingi baadaye tukafika huku, ambako anafanya kazi ya kutunza wazee. Ana mikono ya kazi hiyo. Nilipoanza kupoteza ladha alinitafutia ndagala kule Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, wale dagaa wa ziwani kwetu, akawakaanga na mafuta ya mawese hadi jirani wa juu akafungua dirisha. Nilikula watatu. Ilikuwa kama kutafuna karatasi. Nikamwambia ni watamu sana, naye akajua nadanganya, akala waliobaki akiwa amesimama.

Nywele nilizikata kwenye saluni ya ndani ya Galerie, ule ujia wa maduka wa Matonge, kwa msusi Mkongo aliyenisuka miaka kumi. Alikata nusu tu. "Utarudi juma lijalo, Maman. Kichwa kizoee kwanza." Huo nao ni wema. Ukipata mtu wa kukukata kwa awamu mbili, mkubali.

Sasa chumba chenyewe. Kilikuwa na viti vingi, lakini kando ya dirisha vilikaa vitatu peke yake. Muuguzi wetu alikuwa Maman Béa, mtu wa Bukavu, mwenye sauti ya kuita watoto uwanjani. Siku ya kwanza alinikalisha cha katikati. "Bon, Maman Asha, leo damu yako iko muzuri. Donc tunaanza. Lete ile mukono."

Kulia kwangu alikaa Nawal, mwanamke wa miaka arobaini, mzaliwa wa Gaza, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la mikate. Yeye naye alikuwa anaanza siku hiyo hiyo. Kushoto alikaa Ruth, mama Mwisraeli wa karibu miaka sabini kutoka Haifa, aliyehamia Brussels kuwa karibu na binti yake. Ugonjwa wake ulikuwa umerudi mara ya pili. Mimi na Nawal tulipewa dripu nane. Ruth hakupewa idadi.

Kati yetu tulizungumza Kifaransa, kila mmoja na lafudhi yake. Hapa nakiandika kwa Kiswahili.

Maman Béa anapenda kuuliza watu kwao ni wapi. Alipomuuliza Ruth, Ruth alijibu kwa sauti ndogo. Nawal alisikia. Aligeuka kitini kuelekea dirishani, akageuka mpaka pale mpira wa dripu ulipomruhusu, akabaki amempa Ruth mgongo saa nne nzima.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Binti yetu Asha ana miaka kumi na saba, na Jumapili nyingi alikuwa akienda kwenye maandamano ya Gaza katikati ya mji, na kitambaa chake cha mirabaraba shingoni. Alikuja mara moja kunichukua, akasikia Ruth anatokea wapi, na ndani ya basi hakunisemesha hadi tulipofika Ixelles.

"Kwa hiyo mnaongea naye?" aliniuliza jikoni.

"Tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Kucha. Zangu zinakuwa nyeusi. Zake mbili zimeng'oka."

"Mama, ungekaa mbali naye."

"Asha, kile kiti kina kilo kama baba yako."

Hakucheka. Sikumlaumu. Alikuwa ameona picha ambazo mimi nilikuwa siwezi kuzitazama kwa sababu ya kichefuchefu, na nafikiri alidhani nimejificha nyuma ya ugonjwa.

Dripu ya pili Nawal alinisimulia kuhusu Hanan. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, miaka thelathini na minne, yuko Gaza, na alikuwa na ugonjwa wetu, titi lile lile la kushoto. Alishapata dawa mara mbili. Mara ya tatu hospitali ilikuwa haifanyi kazi tena na dawa zimekwisha. Sasa anaishi kwenye hema na watoto wake watatu. Daktari wa kule alimwandikia kwamba lazima atolewe nje akatibiwe, na jina lake likaingizwa kwenye orodha ya wagonjwa wanaosubiri ruhusa ya kutoka.

"Ana karatasi kama yangu," Nawal aliniambia. "Ila yangu ina tarehe."

Kushoto kwangu Ruth alisikia yote. "Nasikitika," alisema kwa Kifaransa chake, "désolée."

Nawal hakugeuka. "Unasikitika kama nani? Kama ulifanya kitu, hilo neno halitoshi. Kama hukufanya, usiliseme."

Nilikaa katikati yao na mashine tatu zikidondosha. Ruth alitazama mikono yake. Baadaye Nawal aliposinzia, aliniambia kwamba kabla ya kuugua, kwa miaka tisa, alikuwa dereva wa kujitolea. Alikuwa anakwenda na gari lake mpakani asubuhi, anapokea wagonjwa wa Gaza, wengi wao watoto, anawafikisha hospitali za upande wake, anawarudisha jioni. Kisha ile Oktoba vita vilipoanza, mtoto wa dada yake aliuawa siku ya kwanza. Ruth alipokwenda msibani, dada yake alimwambia aende akawaendeshe wagonjwa wake wa Gaza.

"Kwa hiyo hata kule neno langu halitakiwi," alisema, kisha akaomba maji.

Dripu ya tatu mshipa wangu ulikataa. Maman Béa alichoma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Machozi yakanitoka, nikawaambia wenzangu kwamba kwetu sasa hivi wangekuwa wameshaniambia pole. Ruth akauliza maana yake. Nami, mwalimu wa miaka kumi na minne, nikakwama. Sikuwahi kulifikiria neno hilo, nililikuta linasemwa. Nikiwa mdogo nikishikwa na malaria, mama alinitandikia mkeka barazani, na kila aliyepita na ndoo au na mzigo wa kuni alilitupia pale mlangoni bila hata kusimama. Nilikuwa nalala nikizihesabu pole zao. Naweza kuisikia hadi leo ile sauti ya mama Mwajuma, aliyekuwa amegombana na mama yangu mwaka mzima, akisema pole yake kisha anaendelea na njia.

"Siyo kuomba msamaha," niliwaambia. "Ni kumwambia mtu kwamba nimeona unaumia. Aliyejikwaa anaambiwa, hata kama jiwe hukuliweka wewe."

Nawal akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake akiwa ametazama upande wa Ruth. "Hata mtu usiyempenda?"

"Hata huyo. Ukipita bila kusema ndiyo watakushangaa."

"Na anayeambiwa anajibu nini?"

"Nimeshapoa."

"Na kama hajapoa?"

"Basi anasema asante."

Alifikiri, akarudi dirishani. Nilidhani yameishia hapo.

Dripu ya nne ilikuwa siku ya theluji. Nawal alikuja na habari kwamba msafara wa wagonjwa uliokuwa utoke wiki ile umeahirishwa, na Hanan ameanza kuvimba mkono. Alilia ndani ya skafu yake bila sauti. Ruth akainama mbele yangu, akamgusa begani, na kwa uangalifu wa mtu aliyefanya mazoezi nyumbani akamwambia: "Poulet."

Nawal aliinua kichwa. Aliniangalia mimi. "Ananiita kuku?"

Alitaka kusema pole, likatoka poulet, linalotamkwa "pule", na ndivyo Wafaransa wanavyomwita kuku. Ruth akawa mwekundu hadi kwenye kichwa chake kisicho na nywele. Akajaribu tena, likatoka kuku lile lile. Maman Béa alikuwa anapita na sinia. "Madame, hapa ni hôpital. Restaurant iko chini."

Sijui nani alianza kucheka. Nakumbuka tu kwamba mashine ya Nawal ilianza kupiga kelele kwa sababu alikunja mkono, kisha yangu, na Maman Béa akatugombeza kwa lugha tatu. Nawal alipangusa macho. Akamwambia Ruth, kwa Kiswahili, "Asante." Kuanzia siku hiyo, mtu akichomwa sindano, au akichelewa basi, au akitapika, wenzake walimwambia kuku. Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote za mwaka ule.

Nisikudanganye lakini. Kicheko hakikumtoa Hanan kwenye hema.

Dripu ya tano Ruth alisema alichokuwa amekifikiria. Hakuwa na cheo chochote, alikuwa na daftari la namba za simu: madereva wenzake, madaktari aliokuwa akiwapelekea wagonjwa, mama mmoja aliyejua majina ya wanaosubiri ruhusa yanapita mlango gani. Baadhi bado walikuwa wanahangaika, kila siku, kuwatoa watu. Alihitaji karatasi za Hanan na barua ya daktari. Alisema hawezi kuahidi.

Ruth alipokwenda chooni akisukuma stendi yake, ndipo Nawal aliponigeukia. "Nimwombe mtu wao ruhusa ya dada yangu kuishi? Wafunge mlango wao, kisha tuwashukuru kwa ufunguo?"

Wakati huo nyayo zangu zilikuwa zimekufa ganzi, nilikuwa natembea kama niliyevaa viatu vya mtu mwingine, na nilianza kufikiri kwamba dripu tano zinatosha, nisirudi. Nilimpelekea Baba Asha yote mawili, langu na la Nawal, wakati ananikanda miguu. Langu alilijibu kwa neno moja: "Utarudi." La Nawal alilisikia akahamia mguu wa pili. Huwa haongei mambo ya vita. Katika miaka ishirini ya ndoa nilijua tu kwamba kaka yake aliuawa na kwamba yeye alivuka mto Rusizi kwenda Congo.

"Aliyenivusha," alisema akiendelea kukanda, "alikuwa wa upande uliomuua kaka yangu. Nilimjua kwa sura na kwa mtaa. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumpenda. Alinishika mkono, maji yako kifuani. Bon, nilivuka."

"Na amani?"

"Amani ilikuwa Arusha, inapangiwa viti. Wakubwa wamekaa miaka pale, na ilikuwa lazima wakae, sisemi. Lakini ilipofika ilinikuta nimeshavuka. Mwambie huyo dada."

Sikungoja Alhamisi. Nilimpigia Nawal simu nikamsimulia kama nilivyosimuliwa, bila kuongeza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ana mteja, akakata.

Dripu ya sita alikuja na bahasha ya kaki. Hakumpa Ruth. Aliiweka mapajani mwangu.

"Mpe. Na umwambie hii siyo amani. Hizi ni karatasi."

Ruth alikuwa umbali wa mkono mmoja. Aliniangalia mimi, akasema, "Mwambie karatasi zinanitosha."

Nikaichukua bahasha kulia, nikaipeleka kushoto. Naamini ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na ilichukua kitambo cha kupepesa jicho.

Kilichofuata kilikuwa kusubiri. Kama unaanza matibabu utajua kusubiri kwa namna yako: majibu ya damu, simu ya daktari, lifti. Nilichojifunza ni kwamba kusubiri jambo la mtu mwingine kunapunguza uzito wa lako. Sitasema kunaponya. Asha alikuwa akinifungulia mlango Alhamisi jioni na kuuliza, "Hanan?" kabla hajauliza hali yangu, na nilipenda hivyo. Ruth alipiga simu kila siku akiwa na nguvu. Wengine hawakupokea. Wengine walimwambia huu siyo wakati. Dereva mmoja mzee alipokea, na daktari mmoja aliandika barua upya kwa namna inayotakiwa. Hadi leo hatujui kama ni hao, au zamu ya Hanan ilifika tu. Kabla ya dripu ya saba jina lilitoka. Akafungasha, akafika kwenye kituo cha kukusanyikia, msafara ukafutwa, akarudi hemani na begi lake. Dripu hiyo ya saba, kwenye viti vitatu hakuna aliyemwambia mwenzake kuku.

Nikuambie mapema ili usisome kwa hofu. Mimi nimemaliza, picha za mwisho zilikuwa safi, na nywele zimerudi na mvi ambazo sikuwa nazo. Nawal amemaliza. Ruth bado anakwenda, kila Alhamisi yake, na huwa nampelekea supu. Kwenye ile orodha wapo maelfu ambao hawana dada aliyekaa jirani na mtu mwenye daftari. Hilo nimeshindwa kulieleza kwa Asha, na kwako pia silielezi.

Dripu ya nane, ya mwisho, ilikuwa mwezi Machi. Nawal alifika akiwa amepauka usoni. Hanan alikuwa ametoka Jumatatu, yuko hospitali Amman. Watoto wawili wadogo walimfuata. Wa kwanza, kijana wa miaka kumi na mitano, hakuruhusiwa, amebaki na mjomba. Na asubuhi ile ile, saa ile ile tuliyokaa sisi, Hanan alikuwa anaanza dripu yake upya.

Simu ikaita, ya picha. Maman Béa huwa hapendi simu chumbani. Alikwenda kupanga glavu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Tukamwona Hanan kwenye kile kioo kidogo: macho ya Nawal katika uso uliokwisha. Alikuwa amekumbatia mikono yake miwili kifuani. Muuguzi alisimama nyuma yake na ile dawa nyekundu, anangoja. Hanan hakutaka kunyoosha mkono. Kwa Kiarabu, Nawal alinitafsiria baadaye, alikuwa anasema kwamba mara ya mwisho ilimjaza vidonda kinywa chote hadi akashindwa kula wiki mbili, na kule hemani hapakuwa na cha kumpoza, na sasa mwanawe hayupo, na hana nguvu ya kuanza moja tena.

Nawal alijaribu kumjibu, akaanza kulia. Akaniwekea simu mkononi. Mimi Kiarabu changu ni cha kuswalia. Nikaipeleka kushoto.

Ruth alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. Akajiinua. Kiarabu chake ni cha Haifa na cha barabarani, cha miaka tisa ya kutuliza watoto wa watu kwenye kiti cha nyuma. Alianza kuongea taratibu kama anayesoma maelekezo. Akamwambia aombe barafu. Waombe barafu iliyopondwa, uiweke mdomoni kabla dawa haijaanza, uimung'unye muda wote inaingia, vidonda havitakuja vile. Usiangalie sindano, angalia kitu cha mbali. Ukihisi kuungua mkononi, sema saa hiyo hiyo, usione aibu.

Hanan alisikiliza. Kisha akaikunja sura. Aliusikia ule utamkaji, na mtu wa Gaza anaujua umetoka wapi. Akauliza kwa kifupi huyu ni nani. Ruth akaishusha simu.

Nawal akanyoosha mkono mbele yangu, akaichukua. Alimtazama Ruth, kile kichwa kitupu, ile mishipa iliyoishiwa.

"Ni mgonjwa mwenzetu," alimwambia dada yake. "Msikilize."

Akamrudishia Ruth simu kwa mkono wake mwenyewe. Ruth akaanza tena pale alipoachia, kwenye barafu. Tulimwona muuguzi wa Amman anaondoka na kurudi na kikombe. Hanan akatia kipande mdomoni, akageuza macho kutafuta kitu cha mbali, na mkono mmoja ukatoka kifuani, mwembamba, ukanyooka.